BONDE LA KISIMA CHUNGU: Mwenye Nusu Amerudi

Tuliachana mlangoni, msomaji. Mlango wa ukumbi wa kaunti ulikuwa umefunguka kwa kishindo, upepo wa jangwa umeingia na vumbi lake, na Delphine Lofgren, aliyekuwa amesimama mbele ya halmashauri akilipigania bonde lake, alikuwa amegeuka aone ni nani huyo aliyechelewa.

Hakuhitaji kuuona uso. Aliujua mwendo. Mguu wa kushoto uliburura kidogo, tangu siku ile dume la kondoo lilipoupiga pembe zizini.

"Wade," akasema.

Hakuna aliyemsikia.

Mumewe, aliyeaga asubuhi moja kwamba anakwenda mjini Pickett kununua mkanda wa pampu ya maji, asionekane tena kwa miaka kumi na mmoja, alivua kofia akapita katikati ya viti. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alinukia sabuni ya watu wa mjini.

"Samahanini kwa kuchelewa," akasema.

Bi Opal Jensen, mfugaji wa ng'ombe na mkongwe kuliko wote mezani, alicheka bila kutaka. "Kuchelewa! Wewe bwana, nusu ya kaunti hii ilishakuzika!"

Royce Hammill, mwenyekiti, akagonga meza. "Taja jina lako."

"Unalijua jina langu, Royce. Tumesoma darasa moja."

"Taja jina, kikao kisikie."

"Wade Lofgren. Mwenye nusu ya shamba la Kisima Chungu." Hakumtazama mkewe. "Nimekuja kuunga mkono mpango. Bonde lipakwe kijivu. Barabara ifungwe."

Ukutani nyuma ya halmashauri ilitundikwa ramani ya kaunti nzima ya Sorrel, kama itakavyokuwa kwa miaka thelathini ijayo. Kaunti kubwa kushinda nchi za watu, na watu wake haba kama mvi kichwani mwa kijana. Kijani palikuwa pa malisho. Manjano palikuwa pa nyumba. Kijivu palikuwa pa mitambo ya kuvuna jua, na penye kijivu kaunti haitapeleka greda, haitapeleka gari la wagonjwa, wala nguzo ya simu ikianguka haitainuliwa. Bonde la Kisima Chungu lilikuwa kijivu kutoka mlima hadi mlima, isipokuwa kidoa kimoja kilichokuwa bado hakijapakwa rangi. Ndani ya kidoa hicho ndimo alimokuwa akiishi Delphine. Majirani wote walishauza wakaondoka.

"Asiyekuwapo na lake halipo," Bi Opal alisema kwa ukali. "Huwezi kupotea miaka yote hiyo halafu uje na rangi mkononi."

"Sasa nipo, Bi Opal."

"Delphine," mwenyekiti akauliza, "ni kweli ana nusu?"

Ilikuwa kweli. Siku ya harusi yao, mzee Baptiste, babake Delphine, aliwaandikisha wote wawili kuwa wenye shamba, maana alimpenda Wade kwa jinsi alivyojua kukata sufu ya kondoo bila kumtoa damu. Na miaka michache baada ya Wade kupotea, mwanasheria wa Pickett alimwambia Delphine: nenda mahakamani, mtangaze mumeo kuwa amekufa, shamba lote liwe lako.

Delphine alimjibu, "Mtu hauawi kwa muhuri." Akarudi nyumbani.

Kama angekubali Wade afe, leo angekuwa na bonde lake. Alimwacha hai, na huyu hapa, yu hai, anampinga.

"Ni kweli," akasema.

Royce Hammill akavua miwani. "Tutapumzika kwa chakula cha mchana. Na nyinyi wawili mkazungumze. Halmashauri si baraza la ndoa."

* * *

Alimkuta Wade amesimama kwenye maegesho, upande usio na upepo, mikono mifukoni.

Delphine alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo kwa miaka mingi. Aliyapanga akikamua mbuzi, aliyapanga akiosha sahani moja na kikombe kimoja. Yote yakayeyuka.

"Mkanda wa pampu uko wapi?" akauliza.

Wade akajaribu kucheka, akashindwa. "Del..."

"Nimekuuliza. Nilikutuma mkanda."

"Nilifika njia panda," Wade akasema. "Kulia ni Pickett. Nikasimamisha gari. Hapakuwa na gari lingine, wala ndege, wala mti. Nikasikiliza. Nikaona kwamba nikigeuka kulia nitanunua mkanda, nitarudi, nitafunga pampu, na kile kimya kitanikuta palepale mezani. Nikageuka kushoto."

"Kimya?"

"Kilikuwa kikinila, Del. Nilikuwa nalala nakisikia masikioni kama maji. Wewe ulikuwa hukisikii."

"Nilikuwa nakisikia." Akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Ila nilidhani tunakisikia wawili."

Wade akainamisha kichwa. Lori la nyasi kavu likapita barabarani, wakangoja lipite kana kwamba lingewasikia.

"Ungeniambia twende wote."

"Ungekuja?"

Lile jibu ambalo Delphine alikuwa nalo tangu siku nyingi, kwamba angekuja, angefunga mlango akapanda gari bila kuuliza, alipolishika sasa lilimtoka mkononi kama samaki.

"Kwa hiyo umekuja kunimaliza," akasema.

"Nimekuja kukutoa! Barabara ikifungwa utatoka. Utake usitake, utatoka. Mimi sitaki kusikia siku moja kwamba umeanguka kisimani na umekutwa na tai. Nimeshasikia ulivyoanguka jikoni majira ya baridi, ukalala sakafuni usiku kucha."

Delphine akashtuka. Habari ya kuanguka kwake jikoni ilijulikana na mtu mmoja tu duniani, kwa sababu ni mtu huyo mmoja aliyemkuta asubuhi, akamwinua, akamkorogea uji wa shayiri.

"Nani kakwambia hilo?"

Wade akapiga kokoto kwa ncha ya kiatu.

"Wade. Nani?"

"Yule binti wa ramani," akasema.

* * *

Marisol Ibarra, afisa wa mipango wa kaunti, aliyeichora ramani ile, alikuwa peke yake kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, mbele yake maandazi ya tufaha ambayo hakuyagusa. Kwa miaka miwili alikuwa akienda Kisima Chungu kupima ardhi. Kazi ya siku moja aliifanya siku tatu, maana Delphine alimpikia maharage na nyama ya kondoo, na jioni walikaa kibarazani wakibishana juu ya mambo yasiyo na maana. Hakukuwa na mgeni mwingine. Delphine alishazoea kuoka mkate siku ambayo vumbi la gari la kaunti lilitarajiwa.

Delphine alipoingia, Marisol akasimama.

"Kaa," Delphine akasema. "Wewe ndiye uliyempata?"

"Bi Delphine, sheria inataka kila mwenye ardhi apewe taarifa. Jina lake lipo. Ilinibidi nimtafute."

"Umemtafuta kwa muda gani?"

Marisol akatazama sahani.

"Sema, binti. Mwezi? Mwaka?"

"Simu moja tu," Marisol akasema polepole. "Nilimpigia dada yake kule pwani ya California. Akaniambia subiri, akamwita. Alikuwa bustanini."

Simu moja.

Delphine akakaa. Mhudumu alimletea kahawa asiyoiagiza, akaondoka bila neno, kwa kuwa Pickett nzima ilikwishajua. Simu moja! Nambari ya dada yake Wade ilikuwa imebandikwa ukutani jikoni tangu enzi za mzee Baptiste. Kila asubuhi aliipita akienda kuchota maji.

"Hukuwahi kumpigia?" Marisol akauliza. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua kweli.

"Nilikuwa namngoja," Delphine akasema. "Kungoja na kutafuta si kitu kimoja. Ukitafuta, utapata jibu."

Akasukuma kikombe cha kahawa kando.

"Na ya jikoni ulimwambia ya nini? Hiyo nayo ni sheria?"

Macho ya Marisol yakajaa machozi. "Hapana. Hiyo ilikuwa mimi. Nimefunga safari ile nikitetemeka kila mara, Bi Delphine. Kila nikipita kilima cha mwisho nachungulia moshi. Siku nikikuta hakuna moshi nitafanyaje? Kaunti ina magari mawili ya wagonjwa. Moja bovu. Nilikupaka kijivu nikijua unaishi pale, kwa sababu nilitaka uhame uje karibu na watu. Karibu na mimi."

"Ungeniambia uso kwa uso."

"Ungehama?"

Swali lilelile, mara ya pili siku moja. Delphine akasimama.

"Kuna watu watatu duniani wanaonipenda," akasema, "na wawili wameniuza mchana mmoja."

"Wa tatu ni nani?"

Delphine alifikiri. Hakumpata.

Akaondoka.

* * *

Kikao kiliporudi, ukumbi ulikuwa umefurika. Waliokuwa na shughuli waliziacha. Wade alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu asiyemaliza kuamua kama ameingia.

"Mmeafikiana?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana," Delphine akasema.

"Basi sema yako ya mwisho. Kwa nini kaunti iendelee kutunza barabara ndefu hivyo kwa ajili ya mlango mmoja? Sikuulizi kwa ubaya. Nataka nijue."

Delphine akashika kingo za meza. Hotuba alikuwa nayo. Alikwisha kuisoma mbele ya mbuzi mpaka mbuzi wakaichoka. Ilihusu babu yake na kondoo wake, ilihusu kisima ambacho maji yake machungu hayakuwahi kukauka. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

"Nilitaka barabara ibaki," akasema, "ili mtu mmoja aweze kurudi. Nilifikiri bonde likifutwa kwenye ramani, huyo mtu atafika njia panda, hataona kibao, atadhani amekosea njia. Basi. Ndiyo sababu yangu. Nimewasumbua miaka miwili kwa sababu hiyo."

Akageuka, akaelekeza kidole mlangoni.

"Amerudi," akasema. "Mmemwona. Kwa hiyo sababu yangu imekwisha, na mimi bado nimesimama hapa. Sijui nisemeje."

Kule nyuma, Wade aliziba uso kwa kofia.

Wahenga wanasema subira yavuta heri. Subira ya Delphine ilikuwa imemvuta Wade Lofgren, na heri ilibaki njiani.

Royce Hammill alikuwa ameshainua rungu lake dogo. Mkono wa Bi Opal ukamzuia.

"Ngoja wewe. Marisol, kifungu cha makazi kinasemaje?"

Marisol alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mahali penye kaya mbili au zaidi panahesabika kuwa makazi. Panapakwa manjano. Barabara na huduma zinabaki kwa miaka yote thelathini."

"Kaya ni nini?"

"Watu wanaolala na kupika mbali na wengine. Si mume na mke wa nyumba moja."

"Ya pili tutaitoa wapi?" mwenyekiti akauliza. "Tumwandikishe mbweha?"

Vicheko vikapasuka. Bi Opal hakucheka.

"Wenye ardhi wamegawanyika," akasema. "Hatuwezi kumpaka mtu rangi huku nusu yake inasema ndiyo na nusu inasema hapana. Mpe mpaka kikao cha mwezi ujao. Ikipatikana kaya ya pili, manjano. Isipopatikana, kijivu, na mimi mwenyewe nitapiga kura ya kijivu."

Wakapiga kura. Watatu kwa wawili. Mwezi mmoja.

Watu walimpisha Delphine akitoka, jinsi watu wanavyompisha aliyefiwa. Mwezi mmoja wa kumtafuta mtu wa kuja kuishi Kisima Chungu! Mahali ambapo hata mumewe alipakimbia. Angemwomba nani? Alihesabu majina njiani kuelekea kwenye pikapu yake na alipofika mlangoni orodha ilikuwa imekwisha.

* * *

Alipita njia panda jua likiwa bado mkononi mwa mlima. Hakusimama. Hakutaka kujua Wade alisikia nini pale.

Barabara ya changarawe ilimpitisha penye nyumba ya akina Whitlow, madirisha yamepigwa mbao. Ikampitisha penye shule, iliyobaki ngazi tu, ngazi tatu zinazopanda kwenda hewani. Alizoea kuwasalimia wote kwa honi, mmoja mmoja, kama mwendawazimu. Leo mkono haukuinuka.

Alipanda kilima cha mwisho, na mguu ukakanyaga breki wenyewe.

Bomba la jiko lake lilikuwa likitoa moshi.

Asubuhi aliacha jiko limezimwa. Mlango hakuufunga kwa ufunguo, kweli, lakini nani hufunga mlango Kisima Chungu?

Hakukuwa na gari uani. Kulikuwa na sanduku la safari barazani, jekundu, la magurudumu, lililoburutwa mchangani mpaka likapata rangi ya bonde.

Akasukuma mlango.

Mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimefungwa kitambaa, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko akipuliza kuni. Akageuka. Masizi yalimpaka shavuni.

"Samahani," mwanamke akasema. "Nilikuwa nasikia baridi. Gari la posta limenishusha hapa. Dereva alisema wewe ni mwema, hukasiriki."

"Wewe ni nani?"

Mwanamke akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Naitwa Noemi. Mimi ni..." Akatafuta neno. "Mimi naishi na Wade. Miaka tisa sasa."

Delphine alishika kiti. Hakukikalia.

"Hajui niko hapa," Noemi akaendelea haraka. "Alisema anakwenda kwenye mazishi ya rafiki. Nikajua ni uongo, maana alinyoa ndevu mara mbili. Na sikuja kugombana, dada. Nimechoka hata kugombana."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuona." Noemi aliuzungusha mkono: meza, dirisha, bonde lote jeupe kwa magadi lililokuwa likigeuka waridi kule nje. "Wewe unajua jinsi ya kuishi na mtu ambaye kila akiamka anakuhadithia mahali pengine? Mlima unavyokuwa asubuhi. Kisima kinavyonuka. Tunakaa mtaa wenye watu kama siafu, yeye anakwenda kukaa ndani ya gari na kufunga vioo, anasema anatafuta kimya. Miaka tisa! Nikasema, kabla sijafa lazima nikaione hiyo nyumba iliyoniibia mwanamume."

Kicheko kilimtoka Delphine, kikavu, kikamshangaza mwenyewe. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeniibia."

"Hakuna aliyempata, dada. Wewe umebaki na nyumba, mimi nimebaki na hadithi."

Wakatazamana. Delphine alikuwa amejiandaa kumchukia mwanamke huyu tangu kabla hajajua kama yupo. Alitafuta ile chuki mahali alipokuwa ameihifadhi. Alikuta uchovu tu, na chini ya uchovu, jambo la ajabu: mtu mwingine alikuwa amesimama jikoni mwake, na kuni zilikuwa zinalia.

"Unarudi lini?" akauliza.

Noemi akakaza kitambaa chake. "Sirudi kwake. Hilo nimeamua garini. Nilifikiri nikaombe kazi Pickett. Lakini nimekaa hapo barazani tangu mchana..." Akasita, kama mtu anayeona haya kusema alichokipenda. "Ile nyumba ya njiani, yenye mbao madirishani. Ina mwenyewe?"

Delphine alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Nyumba ya akina Whitlow. Mlango mwingine. Jiko lingine. Kaya ya pili.

Alifungua mdomo ajibu, na Noemi akainua kidole.

"Sikiliza."

Mngurumo wa gari. Delphine akaenda dirishani. Vumbi lilikuwa likishuka kilima, refu, jekundu kwa jua, na ndani ya vumbi kulikuwa na gari alilokuwa ameliona mchana kwenye maegesho ya kaunti.

"Ni yeye," akasema.

Noemi akabadilika rangi. "Usimwambie nipo. Nakuomba. Akiniona atalia, na akilia mimi humfuata. Nimemfuata mara tatu hivyo."

Alikuwa ameshalibeba sanduku lake ndani na kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kifuani amelikumbatia kama mtoto. Delphine alimtazama kidogo. Kisha akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

Wade alizima injini. Alishuka, akabaki upande wa pili wa gari, kofia mkononi. Alitazama zizi, kisima, mlima. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

"Nimefika njia panda," akasema. "Nikageuka kushoto, na safari hii kushoto ndiko nyumbani."

Mkono wa Delphine ulikuwa nyuma, umeshika kitasa.

"Nitaifuta kauli yangu, Del. Kesho nitakwenda kwa Royce. Uniruhusu tu nikae. Zizini kama ni zizini." Akasogea hatua moja. "Nimekuacha peke yako miaka yote hii. Niambie kweli. Bado uko peke yako?"

Kabla Delphine hajajibu, ndani ya nyumba birika likachemka, likaanza kupiga mluzi. Halafu, ghafla, mtu akaliepua.